Msikate stempu kwenye bahasha za wanamichezo wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wenzangu, na hasa na wakubwa wa Posta na wa mpira katika nchi zetu tatu, kabla AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, haijatukuta tumelala.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayenunua na kuuza vitu vya zamani, aliniletea bahasha aliyoitoa kwenye sanduku la mzee aliyefariki. Anajua nilikuwa karani wa Posta kwa miaka 34, na anajua nahifadhi bahasha za siku ya kwanza zenye saini za wanamichezo. Ilikuwa bahasha ya stempu za Kombe la Dunia la 1978. Maandishi ya upande wa kushoto yalikuwa yanasomeka vizuri. Upande wa kulia, pale penye stempu, palikuwa na matundu manne yaliyokatwa kwa mkasi, na vipande vya duara la muhuri vimebaki kwenye kingo kama kucha zilizokatwa. Chini ya tundu moja palikuwa na saini ya wino wa bluu, imeandikwa haraka haraka, herufi ya kwanza imezungushwa kama kitanzi. Niliichukua kwenye mwanga wa dirisha, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Ni saini ya kweli: kalamu imekandamiza karatasi mpaka ukigeuza nyuma unaihisi kwa kidole. Lakini haisomeki. Stempu za seti ile zilikuwa na sura za wachezaji, na stempu iliyokuwa juu ya saini hiyo ndiyo ingetuambia aliyesaini ni nani. Mtu amezikata zote nne azikauze moja moja. Imebaki saini isiyo na mwenyewe.

Nilimwuliza kijana ni nani aliyekata. Akasema wajukuu wa marehemu waliambiwa kwamba chenye thamani ni stempu, bahasha ni karatasi tu. Siwalaumu watoto wale. Hakuna aliyewaeleza, na ndiyo maana naandika.

Stempu mpya inapotolewa, Posta hutangaza siku yake ya kwanza ya kuuzwa. Siku hiyo stempu zote za seti hubandikwa kwenye bahasha iliyochapwa maalumu, kisha hugongwa muhuri wenye tarehe hiyo. Kesho yake muhuri ule haugongwi tena. Kwa hiyo bahasha ile ni ushahidi wa siku moja: hapa, tarehe hii, nchi iliamua kumweka fulani kwenye stempu yake. Akija mwenyewe akaweka saini pembeni ya uso wake, hapo umekamilisha kitu. Serikali imesema na mwanamichezo amejibu kwa mkono wake. Ukitenganisha stempu na bahasha umevunja mazungumzo hayo, na gundi haitayarudisha.

Mimi niliingia kazini mwaka 1975, nikiwa na miaka 20, Posta ya Mnara wa Saa hapa Arusha. Wakati huo tulikuwa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao makuu Kampala. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, zilitoka stempu za Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Nchi zote tatu zilitoa seti ileile ya stempu nne: John Akii-Bua wa Uganda, Filbert Bayi wetu, bondia Stephen Muchoki wa Kenya, na ya nne ilikuwa na mwenge pamoja na bendera za Afrika Mashariki.

Siku ile nilikuwa nagonga mihuri. Msidhani kugonga ni kazi ya nguvu. Chini ya bahasha unaweka kipande cha mpira, pedi ya wino isiwe imelowa sana wala isiwe kavu, muhuri unaushusha mara moja tu, wima, bila kuutikisa. Sehemu ya duara iangukie kwenye stempu na sehemu iangukie kwenye karatasi, lakini usimzibe mtu uso. Mwalimu wangu wa kazi, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia tuanze na bahasha tupu kumi kabla ya kugusa ya mteja. Bayi wa kwanza niliyemgonga alinitetemesha mkono. Watu wa rika langu wanakumbuka tulikuwa wapi tarehe 2 Februari 1974 redio ilipotangaza habari za Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kijana wa Karatu, jirani yetu kabisa, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo mpaka utepe, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye alikimbia chini ya rekodi ile ya zamani, na bado hakumpata. Montreal ndiko walikokuwa wakutane tena. Dunia nzima ilikuwa inangoja.

Nilinunua bahasha mbili kwa mshahara wangu.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule watoto wa Soweto walipopigwa risasi, na nchi za Kiafrika zikasema haziwezi kushindana pamoja na New Zealand kama kwamba hakuna kilichotokea. Tanzania ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutangaza kwamba haiendi. Kenya na Uganda nazo zilijitoa, na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikakosekana. Walker alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, karibu sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Nakumbuka bwana mmoja alirudi dirishani kwangu na bahasha zake tano akitaka arudishiwe fedha, akisema stempu hizi zimepotea bure, wenyewe hawapo Montreal. Nikamjibu kwamba stempu haina kosa. Aliondoka amekasirika. Uamuzi wa kujitoa ulikuwa wa haki na mpaka leo nausimamia, lakini wale vijana watatu waliulipia kwa miguu na ngumi zao, na stempu ile ndiyo risiti yao.

Angalieni sasa ile seti ya 1978, ambayo bahasha yake ilikatwakatwa. Ilitoka Aprili. Stempu zake zilikuwa na Joe Kadenge wa Kenya, Mohamed Chuma wa Tanzania, Omari Kidevu wa Zanzibar na Polly Ouma wa Uganda. Wachezaji wanne, timu nne, seti moja, kwa ajili ya Kombe la Dunia la Argentina ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyefuzu. Na fikirini hali ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika mwaka 1977. Mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa. Lori halipiti kwenda Nairobi, na mimi nipo dirishani Arusha nauza stempu yenye sura ya Kadenge! Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Amin yakaingia Kagera, wakati stempu ya Polly Ouma bado ipo kwenye droo yangu. Watu wakubwa walipokuwa hawasemezani, wale wanne walikuwa wamekaa pamoja kwenye karatasi moja. Sijaona kitu kingine cha miaka ile kilichobaki hivyo. Ndiyo maana kukatwa kwake kuliniuma.

Bahasha yangu ya 1978 ina saini ya Kadenge. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa malori, na mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983 akaanza tena safari za Nairobi. Nilimpa bahasha ikiwa katikati ya vipande viwili vya boksi la sabuni, nimeifunga kwa uzi. Alizunguka nayo safari nne. Safari ya tano akamkuta, akasaini, na mume wangu akarudi usiku akaniamsha, taa ya chemli mkononi. Sisi kina mama wa wakati ule nasi tulikuwa na redio. Sauti ya Leonard Mambo Mbotela akitangaza Kadenge na mpira tuliijua kama adhana. Kadenge alifariki Julai 2019. Saini ipo, stempu ipo, muhuri upo, na mjukuu wangu aliyezaliwa miaka mingi baada ya Kadenge kutundika viatu anajua kwamba mtu huyo alikuwa mtu wa kweli, ana mkono, ana namna yake ya kuandika K.

Ya Bayi niliipata hapa Arusha, kwenye shughuli ya riadha, miaka mingi baada ya Montreal. Wakati huo alikuwa ameshaleta medali ya fedha ya Moscow 1980, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akiwa pamoja na Suleiman Nyambui aliyepata ya fedha mita 5,000. Hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania inazo hadi leo. Nilimwomba asaini chini ya stempu, siyo juu yake, na akafanya hivyo.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo hilo la mahali pa kusaini, kwa sababu vijana wananiuliza. Saini iwekwe penye nafasi nyeupe, karibu na uso wa mwenyewe, isipite juu ya stempu wala juu ya muhuri. Ndani ya bahasha tia kadi ngumu kabla hajasaini, ili kalamu isizame wala isiruke. Kalamu ya wino wa kawaida inayoandika vizuri inatosha. Zile kalamu nene za kuandikia kwenye maboksi husambaa na baada ya miaka hugeuka rangi na kutokea upande wa pili. Usilaminishe kamwe. Usibandike kwa selotepu. Usiweke ukutani panapopiga jua, kwani jua hunywa wino. Nilipohamishiwa Tanga kwa miaka sita nilijifunza kwa uchungu kwamba unyevu wa pwani hufunga gundi ya bahasha yenyewe na kuacha madoadoa ya kahawia kwenye karatasi. Bahasha yangu ya pili ya Montreal iliharibika hivyo. Sasa kila bahasha ina kadi ndani, mdomo wake haugusani na mgongo, na zote zimesimama kwenye boksi, hazilali moja juu ya nyingine.

Na mjihadhari na saini za kuchapwa. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kuniuzia bahasha ya ng'ambo yenye saini nzuri kupita kiasi. Kwenye kioo cha kukuzia niliona vitone vidogo vya mashine, na nyuma ya karatasi kulikuwa laini kabisa. Mkono wa mtu hauko laini hivyo. Kuna pahali unakaza, pahali unalegea, na pale kalamu inapoinuka wino huacha mkia.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Akii-Bua. Yeye ndiye aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Bahasha yangu ya Montreal nilikaa nayo miaka 21 nikisema nitamtumia Kampala, na nitaweka ndani bahasha nyingine yenye anwani yangu na stempu ya kurudishia. Mimi niliyekaa dirishani kutwa nikipokea barua za wenzangu kwenda Kampala! Kwanza kulikuwa na vita. Kisha nikasikia yuko Ujerumani. Kisha nikasikia amerudi nyumbani, ni polisi, anafundisha vijana. Nikasema mwezi ujao. Juni 1997 redio ikatangaza kwamba amefariki, hajatimiza hata miaka 50. Nilikuwa napika. Nilizima jiko nikaenda kukaa.

Nawaambia hivi kwa sababu naona tunakwenda kulirudia kosa langu, safari hii kama nchi. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda tulikabidhiwa AFCON ya 2027 kwa pamoja. Agosti 2025 tuliandaa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa pamoja, watu wakajaa viwanjani kwa Mkapa na Kasarani na Namboole na Amaan. Hapa kwetu kuna uwanja mpya Olmoti. Nikienda kwa binti yangu napita nauona. Stempu za 1976 zilikuwa za michezo ambayo hatukwenda. Za 1978 zilikuwa za kombe ambalo hatukufuzu. Hii ya 2027 mechi zitachezwa kwetu, na wachezaji wetu watakuwepo kwa miguu yao. Naomba zitoke stempu, na naomba zitoke kama zile za zamani: seti moja, siku moja, kwa nchi zote tatu, na Zanzibar ikiwa na mchezaji wake ndani kama mwaka 1978.

Na siku ya kwanza iwe siku ya kwanza kweli. Iwekwe meza. Posta ya Dar es Salaam, ya Nairobi, ya Kampala, na Arusha pia msitusahau, wakae nahodha wa timu ya sasa na mzee mmoja aliyecheza zamani, wasaini bahasha za watu waliopanga foleni. Saa mbili zinatosha. Kila mtu bahasha moja, na mchezaji aandike jina la anayeipokea juu ya saini yake, maana bahasha iliyoandikwa kwa Neema wa Sakina haiuziki kirahisi na mchuuzi, lakini Neema ataitunza mpaka kufa. Bahasha moja yenye saini zote iende Makumbusho ya Taifa, moja kwa kila nchi. Mashirikisho yetu ya mpira, TFF ya Tanzania, FKF ya Kenya na FUFA ya Uganda, yana wachezaji. Posta zina mihuri na makarani. Gharama yake ni meza, viti na kalamu nzuri. Makarani wafundishwe kugonga vizuri. Nipo tayari kuwafundisha bure kama afya yangu itaruhusu, na wenzangu wastaafu wapo.

Wapo watakaosema siku hizi vijana wanapiga picha na wachezaji kwa simu, saini za nini. Binti yangu alipiga picha na mchezaji mmoja mwaka 2019. Simu iliibiwa daladalani mwaka uleule. Bahasha ya Kadenge imepita mpaka wa Namanga ndani ya lori la mbolea, imehama nami nyumba tatu, ipo.

Wenzetu Waingereza walipochukua Kombe la Dunia mwaka 1966 walitoa upya stempu ya peni 4 ikiwa na maneno ya ushindi, tarehe 18 Agosti mwaka huohuo, na wakusanyaji wao wakaanza kuwafuata wachezaji wasaini bahasha zake. Leo katika wale 11 waliocheza fainali amebaki Geoff Hurst peke yake. Lakini saini za wenzake zipo kwenye maboksi ya watu, zimetunzwa, zimeandikwa zilipatikana lini na wapi. Sisi wachezaji wetu wa miaka ya sabini na themanini wanazeeka kimya kimya huku Temeke, Kisumu, Mengo na Ng'ambo. Wengine wanapita mbele ya Posta kila siku.

Kwa wasomaji: mkifungua masanduku ya wazee wenu mkakuta bahasha zenye stempu na mihuri, tafadhali msishike mkasi. Tazameni kama kuna maandishi ya kalamu penye nafasi nyeupe. Waulizeni waliobaki ni ya nani, andikeni majibu kwenye karatasi nyingine, muiweke pamoja nayo. Na kama yupo anayemfahamu mtu aliyesaini herufi ya kwanza kama kitanzi kwenye bahasha ya Kombe la Dunia 1978, kijana wa mtaani kwetu amekubali kuniachia bahasha ile. Naitunza hivyohivyo na matundu yake mpaka tumpate.

Ya Montreal ipo mbele yangu ninapoandika. Bayi amesaini. Chini ya Muchoki nimeacha nafasi, nikiamini kuna msomaji wa Nairobi atakayenisaidia kumfikia. Chini ya Akii-Bua pana upana wa vidole viwili, peupe, na hapo sitaruhusu mtu yeyote aandike.

Karani mstaafu wa Posta,
Arusha